Mpeleka Barafu Alipenda Nini

Mara ya tatu nilipomwota mume wangu amekaa mbele ya chakula bila kukigusa, niliacha kujiambia kuwa ni usingizi mbaya tu.

Ndoto ilikuwa ile ile. Thawin yuko mezani kwetu, hapa hapa mtaa wa Talat Phlu, taa ya jikoni inawaka na nje giza limeshaingia. Wali unafuka moshi. Kando yake kuna bakuli la mchuzi wangu wa kijani wa samaki, tui zito, na vile vibiringanya vidogo vya mviringo. Ameshika kijiko. Haniiti, hanung'uniki, hana sura ya mgonjwa. Anatazama tu, kijiko kiko mkononi, wali unazidi kupoa. Naamka kifua kizito kama nimelaliwa na mtu.

Kwetu marehemu haji hivyo bure. Akija amekaa mbele ya chakula asichokula, ana njaa. Na kinachomfikia huko aliko ni kile unachokitia kwenye bakuli la mtawa asubuhi kwa jina lake. Sasa mimi tangu tulipouchoma mwili wa Thawin hekaluni, karibu mwaka mzima, kila Alhamisi, siku aliyozaliwa, nilisimama kando ya barabara bila viatu, nikatia mchuzi ule ule kwenye bakuli za watawa, kisha nikamimina maji chini ya mti nikilitaja jina lake. Sikukosa hata siku ya mvua. Kama pamoja na yote hayo bado ana njaa, basi kuna mawili: ama mchuzi haumfikii, ama unamfikia na yeye hautaki.

Na sadaka ya kutimiza mwaka tangu afe ilikuwa inakaribia. Watawa tisa walishaalikwa. Kama nitawapikia kitu ambacho Thawin hakipendi, sadaka yote itampita, na atabaki amekaa vile vile gizani na kijiko chake. Hilo ndilo lililoninyima raha. Nilitaka kujua mume wangu alikuwa anapenda kula nini, na ajabu ni kwamba sikujua.

Nilimuuliza binti yangu Kung, ninayekaa naye. Anauza bima kwa simu, mdomo wake haulali. Akasema, "Mama, baba angepewa sabuni angesema ina chumvi nzuri."

Alicheka yeye. Mimi maneno yake yaliniingia vibaya.

Kazi ya Thawin ilikuwa kupeleka barafu. Alfajiri alipakia magunia kwenye pikipiki yake ya matairi matatu, akaanza na wauzaji wa hapa kwetu, akaenda Wongwian Yai, akavuka mto mpaka Yaowarat kwa Wachina, na kila alipotua gunia alipewa bakuli la kitu. Kwa hiyo mume wangu alikula mjini kuliko alivyokula kwangu. Mimi nilikuwa namlisha mlo mmoja tu, wa jioni. Nikaona basi wanaojua ni wale wauzaji, ambao mimi sijawahi kukaa kwao hata siku moja. Nimezaliwa mji huu ambao watu wake wanakula barabarani kutwa, lakini mimi ni mtu wa kupika, si mtu wa kununua. Viti vile vya plastiki niliviona nikipita.

Nilienda asubuhi, maana baada ya adhuhuri mimi sili. Tangu Thawin afe nimeshika masharti manane ya ibada kila siku, si siku za hekalu peke yake, na mojawapo ni hilo, jua likishapinda hakuna chakula. Niliyashika kwa ajili yake.

Nilianzia Yaowarat, kwa mwanamke mmoja wa Kichina anayeitwa Huai. Mikono yake kama ya mpiga nyundo. Anauza supu ya pilipili manga, yenye vipande vya unga wa mchele vilivyojikunja, matumbo ya nguruwe, na mabonge ya damu iliyogandishwa. Nilipomwambia mimi ni mke wa Thawin wa barafu, panga lake lilisimama juu ya ubao. Akanivutia kiti, akawaambia watu wa kwenye foleni wasubiri, leo amepata mgeni wa heshima.

Alinieleza mengi huku akikata. Kwamba tangu Mjomba Barafu afe wanaletewa barafu na kijana asiyesalimia. Kwamba Mjomba alipenda damu. Bakuli lake lilikuwa damu nyingi, matumbo kidogo, na akimaliza anakunywa supu mpaka chini.

Nikamwambia hapana. Thawin tukipita sokoni penye damu alikuwa anageuza uso.

"Basi shangazi ulikuwa na mume mwingine," akasema, na foleni nzima ikacheka. "Wangu mimi alikuwa anakula damu. Tena alikuwa na mambo yake. Nimesimama, hagusi. Mpaka nikae. Nina watu mpaka barabarani kule, yeye ananiambia kaa, Huai, miguu yako imevimba."

Nilimtazama miguu. Ilikuwa imevimba kweli.

Akaniletea bakuli kama lake Thawin. Nililila lote, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi na kwa kuwa nilikuwa namtafuta mtu ndani yake. Pilipili ile ilinichoma puani. Damu ilikuwa laini kama yai la kuchemsha, haina ubaya wowote. Lakini kila nikitafuna nilikuwa nauona uso wa Thawin sokoni, umegeukia ukutani.

Kesho yake nikaenda Wongwian Yai kwa Sanit. Huyu ni mtu wa kusini, ana sufuria kumi na kitu zimejipanga, wali unauchagulia mchuzi. Mchuzi wake mkuu ni ule wa matumbo ya samaki yaliyochachushwa, mkali hata harufu yake inakohoza wapita njia. Nikamuuliza Thawin alikuwa anachukua upi. Akaunyooshea kidole huo huo.

"Alikuwa analia machozi, kamasi zinatoka, anasema ongeza," akasema Sanit.

Mwanaume huyo kwangu alikuwa anatoa kila kipande cha pilipili kwenye mchuzi na kukipanga ukingoni mwa sahani, kama mtu anayetoa konokono kwenye mboga. Nilimwambia Sanit hivyo. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema nisimchukie, labda nyumbani Thawin alikuwa anaogopa. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema yeye hajui, kila mtu anaogopa kitu nyumbani kwake.

Halafu na yeye akaanza kulalamika. Kwamba Mjomba alikuwa mtu mwema lakini msumbufu. Barafu inayeyuka kwenye pikipiki, wateja wanaita, yeye ameshikilia kijiko anataka Sanit aache sufuria aje akae.

"Nilimwambia siku moja, mzee, mimi si mke wako. Kula uende zako. Hakula mpaka nilipokaa."

Nilinunua mfuko wa mchuzi ule nikaenda nao nyumbani, nikauonja kwa ncha ya ulimi nikanywa maji. Thawin wa damu na Thawin wa pilipili. Na wa kwangu, asiyetaka vyote viwili.

Wa tatu alikuwa hapa hapa kwetu, Bibi Yuphin, muuza uji wa mchele kando ya reli. Nilimwendea huyu kwa matumaini kwa kuwa ni mtu mzima na hana utani. Akaniambia Thawin hakuwa mla vikali hata kidogo. Tumbo lake lilikuwa tumbo la mtoto. Alikula uji mweupe, hata tangawizi hataki, hata yai hataki. Walikuwa wanakula pamoja, yeye na Thawin, kabla ya treni ya kwanza, kwenye benchi moja, kimya. Uji mtupu ndio aliupenda, akasema Bibi Yuphin, na anaweza kuapa mbele ya sanamu ya Bwana Buddha.

Nilirudi nyumbani na kichwa kama kibuyu cha maji kinachotikiswa. Nilijilaza sakafuni penye ubaridi nikayapanga. Watu watatu, hakuna aliyekuwa na sababu ya kunidanganya. Kila mmoja anaapa kwamba Thawin alipenda cha kwake. Nikaona jibu ni moja tu, na lilikuwa jibu baya. Thawin hakupenda chochote. Alikuwa anakula ili mtu afurahi. Huai alipenda damu yake isifiwe, akaisifu. Sanit alitaka mtu alie machozi, akalia. Na mimi nilitaka mchuzi wangu wa kijani umalizwe, akaumaliza, jioni baada ya jioni, tangu ujana wetu mpaka uzee.

Kung aliporudi kutoka kazini nilimuuliza moja kwa moja kama baba yake aliupenda mchuzi wangu.

Alivua viatu kwanza. Akaweka mkoba. Akasema, "Aliumaliza kila siku, mama."

Lile halikuwa jibu, na yeye alijua kuwa si jibu.

Siku ya ibada nilimweleza Baba Mtawa Khien, mzee wa hekalu letu. Alinisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mama Samruai, bakuli langu si mgahawa. Tia ulichonacho, kwa moyo safi. Marehemu hachagui kama mteja."

Nilimwinamia mara tatu nikashukuru. Lakini yeye hajamwona Thawin amekaa pale. Njiani nikajiuliza, kama marehemu hachagui, mbona huyu wangu hali?

Nilikuwa nimeinama nafua ndipo wazo lilipokuja. Wale wote watatu walikuwa wateja wake wa barafu. Walimpa chakula, na mtu ukipewa chakula na mteja huwezi kukataa. Ninayemtaka ni muuzaji ambaye hatumii barafu kabisa, ambaye Thawin alikuwa na sababu moja tu ya kusimama kwake, nayo ni kutaka mwenyewe. Na huyo nilimjua, au nilijua kitu chake. Thawin mara nyingi alirudi na mfuko wa karatasi wa ndizi za kuchoma, zile zinazobanwa zikawa bapa na kumwagiwa asali ya tui la nazi na sukari. Hakuna aliyemlazimisha. Ndizi haitaki barafu, inataka makaa.

Niliacha nguo kwenye beseni. Moyo ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ndoto zianze. Nilijiona tayari nimezipanga ndizi kwenye sahani tisa mbele ya watawa tisa, na Thawin huko aliko ananyoosha mkono.

Muuza ndizi yuko karibu na stesheni ya Wongwian Yai. Anaitwa Phikun, mwembamba, kofia ya majani kichwani, macho mekundu kwa moshi. Ndizi zimejaa wavuni na yeye anazigeuza bila kupumzika, safu ya kwanza, ya pili, anarudi ya kwanza. Nilisubiri wateja wapungue. Hawakupungua, kwa hiyo nikamuuliza hivyo hivyo, pembeni ya moshi, kama anamkumbuka mpeleka barafu mwenye pikipiki ya matairi matatu.

Alimkumbuka. Alinipa pole na mkono wake ukaendelea kugeuza.

Nikamwambia, "Alizipenda sana ndizi zako."

"Sijui, shangazi. Hakuwahi kula hapa hata moja."

Nilidhani anamchanganya na mtu mwingine. Nikamwelezea kovu la mkononi, na wimbo aliokuwa anaupiga kwa mluzi. Akasema ndiyo, huyo huyo, Mjomba wa mluzi. Alikuwa ananunua na kuondoka nazo.

"Siku moja nilimpa ya bure, nikamwambia onja basi. Akaishika. Akaniangalia. Akasema njoo ukae hapa kidogo. Sasa mimi nikae wapi, shangazi, nikikaa dakika moja hizi zote zinakuwa mkaa. Nikamwambia kula tu, mjomba. Akaishika mpaka ikapoa. Akairudisha kwenye mfuko, akasema atakula nyumbani, nyumbani kuna mtu wa kukaa naye."

Mteja alinisogeza kwa bega apate kulipa. Na mimi nikanunua mfuko mmoja, nikasogea.

Kulikuwa na ngazi za jengo pale nyuma yake, nikakaa hapo. Nilikuwa nimeshika ndizi zangu, asali inanichuruzika kwenye vidole, na sikuwaza habari ya ndizi. Nilikuwa nawaza jioni zetu. Thawin ananawa miguu, anakaa, anachukua kijiko. Mimi niko jikoni bado, kuna yai la mwisho kwenye kikaango, kuna sufuria ya kuloweka, kuna jiko la kufuta. Namwambia kula, wali utapoa. Anabaki ameshika kijiko. Miaka yote ile nilidhani anapumzika, au anausubiri mchuzi upoe, au labda anasali kidogo kimoyomoyo. Sikuuliza. Mtu wako mwenyewe humuulizi kila kitu. Namaliza, nafuta mikono, nakaa, natia tonge la kwanza mdomoni, na hapo ndipo kijiko chake kinashuka.

Huai alikaa, Thawin akala damu. Sanit alikaa, Thawin akala pilipili. Bibi Yuphin alikuwa amekaa tayari.

Na kwenye ndoto, mimi niko wapi? Nilijitafuta. Kwenye ile meza hakuna sahani ya pili. Ni jioni, taa inawaka, na jioni mimi sili. Tangu alipokufa sijakaa pale saa ya chakula hata siku moja. Saa ile niko chumbani nasoma sala zangu, kwa ajili yake, kwa masharti niliyoyashika kwa ajili yake.

Ungedhani hapo nilifurahi. Sikufurahi. Nilichanganyikiwa kuliko mwanzo. Kiapo si nguo kwamba unavua ukisikia joto. Halafu kuna jambo jingine, nalo lilinifanya nijionee haya peke yangu pale kwenye ngazi. Karibu mwaka mzima nimelala na njaa. Mtu mwenye njaa anaota chakula, na akitaka sababu ya kula ataipata hata kwa muuza ndizi. Sikujua kama ninayemsikia ni Thawin au ni tumbo langu.

Nilikwenda hekaluni moja kwa moja, vidole vinanata. Baba Mtawa Khien alikuwa anafagia majani. Nilimsimulia yote, na hilo la tumbo sikulificha. Nikamwomba anipokee masharti yangu manane nibaki na yale matano ya watu wa nyumbani, ikiwa hilo linafaa, na kama halifai aniambie niendelee.

Alifagia mpaka mwisho wa safu yake.

"Matano yanamtosha mtu wa nyumbani," akasema. "Lakini ni Thawin au ni tumbo, mimi sijui."

"Sasa nifanye nini, baba?"

"Kaa ule. Tutaona kama atakula."

Sikupata kujua kama ananitania. Tulisoma pamoja maneno yanayosomwa, nikainama mara tatu, nikatoka nikiwa na masharti matano na mfuko wa ndizi zilizopoa.

Jioni nilipika mchuzi wa kijani. Nilifikiria kupika kitu kingine, damu, uji, sikujua nichague nini, nikaona mkono unachukua nazi wenyewe. Niliweka sahani mbili, moja upande wangu, moja upande wake, na kijiko juu yake. Kung akaingia akakuta taa inawaka na mimi nahangaika na kikaango saa ambayo huwa nimeshafunga mlango wa chumba. Akaziangalia sahani. Nilidhani atasema neno, maana ni mtu wa maneno. Akaenda kuchukua sahani ya tatu.

Kulikuwa bado na jiko la kufuta. Nikaanza kulifuta, kisha nikaliacha hivyo hivyo na mafuta yake, nikaja nikakaa.

Wali ulikuwa unafuka moshi. Sahani ya Thawin ilikuwa sahani tu, na kiti chake kiti tu. Sikuona kitu wala sikusikia kitu. Kung alikuwa ameshika kijiko ananitazama mimi, hali, na sijui kama alijifunza kwa baba yake au alikuwa anashangaa.

Nilichota wali, nikachota mchuzi juu yake, nikatia mdomoni. Mwaka mzima nilikuwa naupika huu mchuzi na kuwapa watawa kabla ya mtu yeyote kuuonja. Na kabla ya hapo, miaka yote, nilikuwa nakaa mezani nimechoka, nameza tu. Safari hii niliutafuna polepole.

Chumvi ilikuwa imezidi. Si sana, lakini imezidi, na mkono wangu haujawahi kubadilika.

"Kung," nikasema, "huu mchuzi siku zote una chumvi hivi?"

Aliteremsha kijiko chake, akala, akachota tena.

"Siku zote, mama," akasema. "Kula."